Wanaposimama Kumshangilia Mbutuaji

Baba yangu alikuwa beki. Si beki wa ligi kuu, wa timu ya mtaa tu, Kigoma, kwenye uwanja wa vumbi wenye mteremko ambao mpira ukitoka upande wa chini, watoto tulikimbia kuufuata hadi karibu na ziwa. Kazi yake ilikuwa moja: mpira ukisogea golini, autoe. Hakuwa na chenga, hakuwa na pasi ya kisigino. Alikuwa na mguu wa kulia wenye nguvu za ajabu, na aliutumia kuutuma mpira mbali kadiri alivyoweza. Mtaani walimwita Mbutuaji, na hawakumwita hivyo kwa kumpenda. Kila alipobutua, kelele ileile ilitoka kwa wazee waliokaa chini ya mwembe: "Weka chini! Cheza mpira!" Timu yake haikufungwa ovyo, lakini sikumbuki siku hata moja aliyopigiwa makofi. Nilikuwa na miaka 9, na kuna siku niliulizwa kama yule ni baba yangu nikanyamaza.

Nilimfikiria sana Baba msimu wa vuli wa 2023, mwaka ambao mimi, mtu wa Kigoma, niliipenda timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa.

Iowa City ni mji wa chuo, umezungukwa na mahindi na soya pande zote. Siku ya kazi ukipanda basi utasikia Kiswahili, maana wako Wakongo wengi hapa, na waliotoka mashariki ya Kongo wamekuja na Kiswahili chao. Jirani yangu wa mlango wa pili ni mzee wa Uvira. Uvira na Kigoma tunachangia ziwa moja, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ananiita "mutoto ya Tanganyika" nami namwita Papa, kama wanavyoitana wao. Jumamosi za msimu mji wote huvaa nyeusi na dhahabu, barabara hufungwa, na moshi wa nyama huanza kupanda saa moja asubuhi kwenye maegesho ya magari. Miaka minne nilipita katikati ya sherehe hiyo nikienda kazini, bila kujua watu wanashangilia nini.

Papa ndiye aliyenifungua macho. Tulikuwa sebuleni kwake, televisheni inaonyesha mechi, na ghafla akaninyooshea kidole kwenye skrini: "Ona. Bote banakamata mupira na mikono. Huyu moja tu ndiye anapiga na muguu. Ni nani?"

Huyo alikuwa Tory Taylor, kijana wa Melbourne, Australia. Na kazi yake ilikuwa kubutua.

Nieleze kidogo kwa asiyeujua mchezo huu. Uwanja una yadi 100, na yadi ni pungufu kidogo ya mita. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa mara tatu, inabaki na jaribio la mwisho, na hapo kocha mwenye busara mara nyingi huona ni afadhali kumpa adui mpira akiwa mbali kuliko kumpa akiwa mlangoni. Basi anaitwa mtu mmoja, anasimama yadi 15 nyuma ya wenzake, anarushiwa mpira ule wenye umbo la yai, na kabla majitu hayajamfikia anaupiga mbali. Ukivuka mstari wa mwisho, adui anaanzia yadi ya 20. Ukisimama yadi ya 3, adui anaanzia palepale, mgongo ukutani. Ustadi wote uko hapo: kuupeleka mbali sana lakini usipitilize. Taylor aliweza kuupiga kiasi kwamba ukigusa nyasi unasita, unageuka, unarudi nyuma kama ulioitwa.

Kwa timu nyingine, mtu huyu huonekana pale mambo yanapoharibika. Kwa Iowa ya 2023 alikuwa nguzo ya nyumba.

Iowa ilianza msimu ikiwa na deni la namna yake. Kocha mkuu, Kirk Ferentz, yuko hapo tangu 1999. Kocha wa ushambuliaji alikuwa mwanawe, Brian Ferentz, na kwa kuwa msimu wa 2022 timu ilifunga kwa shida sana, mkataba wake uliandikwa upya: timu ipate wastani wa alama 25 kwa mechi na ishinde angalau mechi 7. Kila Jumamosi watu walihesabu. Kwa kweli sikupenda hesabu ile. Baba na mwana wanafanya kazi pamoja, na kila wiki nchi nzima inampimia mwana kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Najua ni kazi ya mishahara mikubwa. Bado ni baba na mwana.

Mwanzo ulikuwa mzuri kidogo. Utah State ikafungwa 24-14, Iowa State 20-13 kwao Ames, Western Michigan 41-10. Kisha wakaenda Penn State, usiku, mbele ya watu zaidi ya laki moja waliovaa nyeupe, wakapigwa 31-0. Siku hiyo Iowa ilipata yadi 76 tu mechi nzima.

Septemba 30 ndiyo siku ya kwanza nilipoingia mwenyewe Kinnick, uwanja wa Iowa. Msimamizi wangu kazini alikuwa na tiketi ya ziada. Mechi ilikuwa ya usiku, na Michigan State. Robo ya kwanza haijaisha, Cade McNamara, yule anayeongoza mashambulizi, akaumia goti bila hata kuguswa na mtu, na msimu wake ukaishia hapo. Akaingia Deacon Hill, kijana mkubwa wa mwili ambaye hakutarajiwa kuubeba mzigo huo.

Robo ya kwanza ilipoisha, watu wote wakasimama na kugeuka upande mmoja, mgongo kwa uwanja. Nikageuka nami. Ng'ambo ya barabara, juu kabisa ya uwanja, kuna jengo refu la hospitali ya watoto, na kwenye madirisha ya juu walikuwepo watoto na wazazi wao. Watu karibu 70,000 wakanyanyua mikono na kuwapungia. Desturi hii ilianza 2017, mwaka ambao jengo hilo lilifunguliwa. Hata wachezaji wa wageni hupunga. Kwa umbali ule huwezi kuziona sura, unaona kivuli kidogo na mkono unaojibu. Mtu aliyekuwa kando yangu, mkulima kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa, alipunga mpaka mwisho kabisa, wengine walipokwisha kukaa.

Mechi ilifika 16-16, zimebaki dakika chache. Michigan State wakabutua, mpira ukamfikia Cooper DeJean wa Iowa, akakimbia nao yadi 70 mpaka ndani ya eneo la kufunga. Ikaisha 26-16. DeJean ni mtoto wa Odebolt, mji wa magharibi ya Iowa wenye watu kama elfu moja. Uwanjani hapo angeweza kuuketisha mji wake wote na viti visionekane kupungua.

Lakini kilichonishika usiku ule kilikuwa kingine. Jaribio la tatu likishindwa, nilitegemea kuzomea. Nilikwisha kaza mabega, kama mtoto wa Mbutuaji. Badala yake, Taylor alipotoka benchi watu wakaanza kupiga makofi. Akaupiga. Mlio wake hausikiki kwenye televisheni: ni mzito na mkavu, kama mlango wa mbao uliofungwa na upepo. Mpira ukapanda juu ya taa, ukapotea gizani, ukarudi. Ulipoangukia karibu na mstari wao, watu walisimama. Walisimama, jamani, kwa mpira uliobutuliwa.

Baadaye nikajua kwamba jambo hili ni la zamani pale. Uwanja una jina la Nile Kinnick, aliyeshinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1939 akiwa na timu ndogo iliyokosa hata wachezaji wa akiba. Mwaka huo Iowa waliifunga Notre Dame 7-6. Kinnick mwenyewe ndiye aliyefunga, mwenyewe akapiga ile alama ya nyongeza, na dakika za mwisho, adui akitafuta namna ya kurudi, akabutua yadi 63, mpira ukatoka nje yadi ya 6. Ndipo mechi ilipokwisha kweli. Alipopokea tuzo yake alimshukuru Mungu kwamba alikuwa mtu wa viwanja vya michezo vya Marekani na si vya vita vya Ulaya. Sauti hiyo hupigwa uwanjani kabla ya kila mechi ya nyumbani. Juni 1943, akiwa rubani wa jeshi la majini, ndege yake ilianguka baharini karibu na Venezuela. Alikuwa na miaka 24 na hakupatikana. Ukisimama pale ukaisikia sauti yake, huwezi kuongea na wa jirani yako kwa muda kidogo.

Oktoba 14, kule Wisconsin, Taylor alibutua mara 10, jumla yadi 506. Iowa walishinda 15-6. Mtu asiyeujua mchezo angesema timu iliyolazimika kubutua mara 10 imecheza vibaya, na angekuwa sahihi upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba Wisconsin kila mara walianza safari mbali, na safu ya ulinzi ya kocha Phil Parker haikuwa na tatizo na safari ndefu. Kule kwetu ni kupaki basi, ila basi hili lilipakiwa upande wa adui.

Papa alikwisha kuwa shabiki. Alinunua kofia. Akaniambia Taylor ni mgeni kama sisi, na hilo lilikuwa kweli kuliko alivyojua. Siku hizi wanafunzi wanamichezo wa Marekani wanaruhusiwa kupata pesa kwa majina yao, lakini viza ya mwanafunzi wa kigeni inamfunga. Watu walichapisha fulana zenye maneno "Kubutua ni kushinda", kwa Kiingereza chao, zikauzwa sana, na Taylor hakuweza kutia mfukoni hata senti. Sehemu yake ikaenda kwa shirika la hapa Iowa linalowafundisha kina mama wajawazito kuhesabu mateke ya mtoto tumboni. Sisi tulioishi kwa karatasi za uhamiaji tunajua kukaa mahali ukaifanya kazi na sheria ikakuambia huwezi kulipwa. Kuichukua hali hiyo ukaifanya sadaka, hilo ni tendo la mtu aliyelelewa.

Oktoba 21 wakaja Minnesota. Hii ndiyo mechi ninayoweza kuisimulia usiku kucha.

Iowa na Minnesota hugombea nguruwe wa shaba anayeitwa Floyd of Rosedale. Wengi humchukulia kama mchezo mchezo, lakini asili yake si nyepesi. Mwaka 1934 Iowa walikuwa na Ozzie Simmons, mkimbiaji Mweusi kutoka Texas, wakati ambapo Weusi kwenye timu kubwa za vyuo walihesabika. Minnesota walimpiga siku ile mpaka akashindwa kumaliza mechi, na watu wa Iowa hawakusahau. Mwaka uliofuata joto lilipanda hata gavana wa Iowa akatamka kwamba mashabiki wake hawatavumilia tena. Gavana wa Minnesota, Floyd Olson, akamtumia telegramu akipendekeza waweke dau la nguruwe, ili hasira ipoe. Minnesota wakashinda, nguruwe wa kweli akapelekwa, na baadaye akatengenezwa wa shaba. Kila nikimwona yule nguruwe akibebwa na vijana wanaocheka, namwona Simmons akitolewa uwanjani.

Basi, Minnesota wanaongoza 12-10, zimebaki chini ya dakika mbili. Ushambuliaji wa Iowa ulikuwa umekauka kabisa. Mechi nzima walipata yadi 127. Matumaini yalikuwa kwa DeJean. Minnesota wakabutua, mpira ukadunda karibu na mstari wa pembeni, mbele ya benchi. DeJean akaufuata, mkono wa kulia akiwaonyesha wenzake mpira ulipo, wa kushoto ukipunga chini chini kama mtu anayesawazisha mwili. Akauokota. Akateleza kwenye mstari, akamkwepa wa kwanza, wa pili, akakata ndani. Yadi 54. Sijawahi kusikia kelele kama ile, si uwanjani, si msikitini, si popote. Mkulima wangu wa mechi ile nyingine sikumwona tena, lakini mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia na bisi zikamwagika miguuni kwetu.

Waamuzi wakaenda kutazama video. Tulidhani wanaangalia kama alikanyaga mstari. Hakukanyaga. Wakauona ule mkono wa kushoto. Katika mchezo huu, anayepokea mpira akipunga mkono kwa namna yake juu ya kichwa, anaomba asiguswe, na akishaomba haruhusiwi kukimbia. Akipunga kwa namna isiyo sahihi, hakuna kuguswa wala kukimbia: mpira unakufa pale alipouokota. Refa akatangaza kwamba mkono ule ulikuwa ishara. Alama zikafutwa. Dakika moja na kidogo baadaye Hill akarusha, Minnesota wakadaka, na nguruwe akaondoka Kinnick kwa mara ya kwanza tangu 1999.

Nimeisoma sheria, nimeitazama video mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nasimama na hili: kwa herufi ya sheria wanaweza kuwa sahihi, ila hakuna hata mchezaji mmoja wa Minnesota aliyesimama kwa kuuona mkono ule. Wote walikimbia kumkamata. Ishara ambayo hakuna aliyeiona kama ishara haikumdanganya mtu. Mwezi uliofuata DeJean alivunjika mguu mazoezini, msimu ukamwishia. Februari 2025, siku anatimiza miaka 22, alidaka mpira uliorushwa na adui, Patrick Mahomes, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, na kukimbia nao yadi 38 hadi ndani akiwa na Philadelphia. Papa alipiga mlango wangu mpaka nikadhani nyumba inaungua. "Mukono haukupunga! Sasa batafuta nini?"

Siku 9 baada ya Minnesota, chuo kilitangaza kwamba Brian Ferentz hataendelea baada ya msimu. Baba yake aliendelea kufundisha naye kila siku mpaka mwisho.

Novemba ilikwenda kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Northwestern 10-7, pale Wrigley Field, Chicago, uwanja wa besiboli, kwa mpira uliopigwa kwa mguu kati ya nguzo toka yadi 53, zikiwa zimebaki sekunde 14. Rutgers 22-0. Illinois 15-13. Nebraska 13-10, sekunde ya mwisho, na aliyepiga ni Marshall Meeder, mpigaji wa akiba, kwa kuwa mwenzake alizuiwa mara mbili. Wakawa mabingwa wa kanda ya magharibi ya ligi yao. Kisha, kwenye fainali ya ligi hiyo, Michigan wakawafunga 26-0 Indianapolis, na siku ya mwaka mpya Tennessee wakawafunga 35-0 Orlando.

Nimejumlisha mwenyewe kwa kalamu. Mechi 14, walizoshinda 10. Walifunga alama 216, wakafungwa 207. Tofauti ni alama 9 kwa msimu mzima. Wastani wao wa kufunga ni 15.4, mbali na ile 25 ya mkataba, na kwa yadi za ushambuliaji walikuwa wa mwisho kati ya timu 133 za daraja la juu. Parker alipewa tuzo ya Broyles, ya kocha msaidizi bora nchini. Na Taylor alibutua mara 93, jumla yadi 4,479. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Johnny Pingel wa Michigan State, tangu 1938. Alipewa tuzo ya Ray Guy ya mbutuaji bora, na Aprili Chicago Bears, timu ya ligi ya kulipwa, wakamchagua raundi ya nne ya uteuzi wa wachezaji wapya, nafasi ambayo wabutuaji hawaipati mara kwa mara.

Baada ya ile mechi ya Orlando sikulala. Ilipofika usiku mkubwa hapa, Kigoma kumekucha, nikapiga simu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa hizi? Mko wazima?"

Nikamwambia tu wazima. Nikamweleza kuhusu timu, kuhusu yadi, kuhusu yule kijana wa Australia. Baba ana miaka zaidi ya 70 sasa, goti la kulia halikunji vizuri, na anasikiliza kwa makini kama alivyokuwa akimtazama mshambuliaji. Aliuliza mpira una umbo gani. Aliuliza kama anapiga kwa juu ya mguu au kwa ndani. Nikasema kwa juu.

"Ndivyo," akasema. "Na mashabiki? Walikuwa wanasemaje akibutua?"

"Walikuwa wanasimama, Baba. Wanampigia makofi."

Alinyamaza. Nikasikia jogoo wa jirani, na redio ya Mama jikoni.

"Uwanja mzima?"

"Uwanja mzima."

"Hebu nieleze tena," akasema, "pale mpira unapogeuka kurudi nyuma."